Vidole vya Ayuma

Baba Ayuma, mashine imekataa vidole vya mtoto. Visa bado.

Sasa nikusalimu. Hujambo mume wangu, na kifua kimepoa? Mama mkwe analala vizuri? Sisi huku Nairobi ni wazima. Nimeandika kwa sababu simu unaiwekanga sauti ya juu na boma lote linasikiliza. Hii soma peke yako.

Unajua Ayuma wetu si mtu wa kukataliwa. Kule chuo cha Sigalagala aliwashinda wavulana kwa kuchomelea vyuma, na ile kampuni ya Ujerumani ilimhoji kwa simu ikamtaka siku hiyo hiyo. Wateja wangu wote wa mboga wanajua, hata wale wananunuanga mrenda wa jioni tu. Kilichobaki ni kuchukuliwa alama za vidole pale ofisi ya visa. Nikaona binti yangu hawezi kwenda mbele ya wazungu na masizi kwenye kucha. Nikamketisha, nikamsugua na jiwe langu la visigino mpaka vidole vikang'aa kama vya bibi harusi.

Mashine ikatafuta mistari ikakosa. Wakampangusa, wakarudia, bure. Msichana wa pale akamuuliza, "Kwani wewe unafanyanga kazi gani?" Akasema kuchomelea, na zamani kupalilia miwa. "Hata kama. Hii ngozi imeenda wapi?" Ayuma hakunitaja. Tulipofika nje ndipo akaniambia polepole, "Mama, umenifuta."

Wamesema apumzishe mikono arudi Alhamisi. Ikikataa tena, maombi yake yanarudishwa, na kampuni haitangoja, itachukua mtu mwingine. Naogopa, Baba Ayuma. Hata siku ya kumzaa sikuogopa hivi.

Sasa hagusi kitu. Nampaka mafuta ya kukamulia ng'ombe asubuhi na jioni. Ugali wetu, obusuma, anakula na kijiko kama mgeni. Kanisani watu wakinyoosha mkono, nasimama katikati nasema, "Huyu msalimieni kwa mdomo." Mume wa dada yangu, ambaye tunakaa kwake, anamtania: "Ayuma, Ulaya hujafika na umeshaanza kuringa?" Mtoto anacheka naye. Lakini jana nilimkuta dirishani ameinua vidole kwenye mwanga, anatafuta mistari. Nikaangalia pia. Kwa kidole gumba nadhani niliona kitu. Nadhani.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mjukuu wake anakula vizuri. Msalimie shemeji Makokha anayetukamulia ng'ombe, na mwalimu wa kwaya aliyetunga wimbo wa kumuaga mtoto. Dada yako Atsieno msalimie sana, lakini barua hii asiione. Yeye nilimwambia visa tumeshapata, na najua Khwisero nzima sasa inajua hivyo.

Nilitaka nikuambie uahirishe yale maombi ya Jumamosi ya kumuaga mtoto. Ayuma mwenyewe amekataa. Amesema, "Wacha waje, mama. Nikienda nitawaaga. Nisipoenda, nitawasalimia wote kwa mkono."

Kwa hivyo yule jogoo mwekundu mfunge mapema, na viti uazime kanisani. Sisi tutafika Ijumaa, na utajua jibu ukiona vile nimeshuka kwa gari. Usiniulize mbele ya watu.

Ni mimi wako, Mama Ayuma. Waambie wote waje Jumamosi.