Mashini Ulipima na Mukono, Muke Ulipima na Saa

Mulipotelea wapi? Tangu mvua ilianza hakuna mwenye alileta barua hapa ku radio, nikaanza kuzani Kolwezi yote ndoa iko muzuri, batoto banasikia, na babwana banarudiaka ku nyumba mbele ya giza. Mi najua ni uongo. Munabakia na matata yenu mu nyumba mupaka inaoza, kisha munakuja mbio kwa mi bibi yenu muzee, Nkambo Honorine saa harufu imeshafika kwa majirani. Ile ya leo imeshaoza kidogo. Gloire wa radio amenisomea, na nimemuambia aandike jibu yangu vile inatoka mu kinywa, asiitie sukari.

*Nkambo wetu mupendwa, nakulilia unisaidie, na najua utanitukana lakini heri matusi yako kuliko kimya ya nyumba yangu. Mi ni Muteba wa Dilala, zamani nilikuwa négociant wa mawe ya madini, nanunua kwa bacreuseurs, bale banachimbaka na mikono, na kuuzisha ku depo, na sasa niko na kiduka ya kutengeneza video za ndoa na za matanga pamoja na muke yangu Adolphine, yeye njo anajua kazi ya ordinatere, ile kompyuta tunaitaka mashini, mi nabeba kamera na kuongea na baclients. Sasa mashini yetu ilikuwa inachelewa, Adolphine akaniambia twende pamoja kwa Kabasele mwenye kuuzisha mashini, tubebe video ya ndoa moja ku clé ya USB, tuitengeneze mu mashini yake na mu yetu, tuone gani inamaliza mbele, na mi nikajibu kwamba mutu mwenye alishika mawe maisha yake yote hafundishwe kununua, nikaenda peke yangu, nikanyanyua moja na mukono huu na ingine na mukono ule, vile tunafanyaka na jiwe, yenye iko nzito njo yenye iko na madini, nikachukua ile nzito, na ilikuwa na mataa ya bluu ndani, Kabasele akanionyesha namba kubwa ku kioo akasema hii namba njo nguvu yake, nikarudi Dilala nikiimba. Nkambo, ile mashini inachelewa kupita ya zamani. Lakini sikuweza kuamini, juu ilikuwa nzito, nikazani mwenye kuchelewa ni muke, nikaanza kumupima na saa ya simu, anakaa napima, anaamuka kwenda ku choo napima, na siku moja bibi-arusi mumoja akakuja kuulizia video yake, ndoa ilishapita sana mupaka tumbo imeshaonekana, nikamuambia mbele ya batu yote: "Mama, mashini iko mupya, ni muke yangu njo muzito wa bidole." Adolphine alifunga mashini ya zamani mu kitenge kama mutoto, akaiweka ku mugongo, akapanda pikipiki ya taxi-moto kwenda kutafuta gari ya Fungurume, kwa mama yake. Sasa ametuma neno: nilete ile nzito kule, mashini yote mbili itengeneze video moja, na kama yake inashinda nimuombe musamaha na sauti, kama nakataa kuileta, yeye hatarudi tena. Nkambo, ku nyumba ya bukwe wangu, na unajua mutu na mama ya muke yake habaangaliane hata mu macho, nitashindwaje mbele yake? Kabasele naye anasema niuzishe kamera, atanipa mashini ingine yenye nguvu mara mbili, nitashinda bila mashaka. Niuzishe kamera ao niende?*

Muteba, kaa. Hapana ku kiti, kaa chini.

Huzuni yako naisikia, mutoto wangu. Nyumba yenye muke ametoka, hata panya zinatembea pole pole. Lakini ni wewe mwanaume wa kwanza mi nasikia kupima muke na saa na kupima mashini na mukono. Ungegeuza tu, leo ungekuwa unakula sombe ya moto.

Unasema nzito. Jiwe yenye imelowa maji haiko nzito? Mi niliuzisha bukari, ugali wetu, pembeni ya ile depo yenu, na nilikuwa nawaona. Mwenye gunia akiambiwa jiwe yake haina kitu, hakubali. Anatwaa jiwe ile ile, anaipeleka ku depo ya pili, kisha ya tatu, juu akipeleka jiwe moja hapa na jiwe ingine kule, hatajua nani mwivi. Hiyo akili ulikuwa nayo. Uliiacha wapi, ku mulango ya Kabasele? Video ya Adolphine njo ilikuwa jiwe. Alikuambia muibebe, na wewe ukaenda mikono mitupu.

Na ile namba. Kazi gani mashini ilifanya mupaka ikapata namba kubwa vile? Haukuuliza. Mama akiniambia bukari yake inaivaka mbio, mi namuuliza: ya batu ngapi? Namba inasaidia kama mashini yote mbili ilipewa kazi moja, na kazi yenyewe inafanana na yako. Wewe hauishi kwa kuangalia namba, unaishi kwa video za ndoa. Basi pima na ndoa.

Kamera, usiuzishe. Utakamata ndoa ya batu na nini, na macho?

Utaenda Fungurume. Na nitakufundisha namna ya kupima, juu nakujua, utajaribu kuiba. Mutatwaa video ya ule bibi-arusi mwenye tumbo, ili apate yake mbele mutoto hajajua kutembea. Ni ile ile mu mashini yote mbili, haikatwe, haipunguzwe. Yote mbili ku courant ya umeme, hapana yako ku courant na yake ku betri. Zile nyimbo na mafilamu unafungulaka nyuma, funga. Mukimaliza, murudilie, kisha murudilie tena, juu mara moja inaweza kuwa bahati. Nzilo, kule umeme wetu inatoka, ikikata courant katikati, hiyo haihesabiwe. Na ile saa ya simu yako, umupe Adolphine aishike yeye.

Bukwe wako usimuogope. Atakaa inje ku mbabula, jiko yake ya makala, atakugeuzia mugongo, heshima yenu itabakia salama. Masikio yake itasikia musamaha, na hiyo njo anangojea, mi niko na babinti, najua.

Utashindwa, Muteba. Mashini za zamani njo zilikuwa nzito, nilionaka moja inabebwa na banaume babili kama jeneza. Kabasele alikuuzishia nkambo ya ile yenye ulikuwa nayo. Lakini usikimbie kununua ya tatu. Bukari ikichelewa, mama hatupe mbabula na chungu na makala siku moja. Anabadilisha makala, anaangalia. Haijasaidia, anajaribu chungu. Adolphine aongeze kumbukumbu mu mashini yake ya zamani, mutengeneze tena video ile ile. Ikiharakisha, muache pale, munyamaze, mutumike kazi. Haikuharakisha, mutoe, mujaribu diski. Moja moja, na kila mara mupime. Na mwenye kuuzisha akikataa kuwasha mashini yake juu ya kazi yenu, mumuage na adabu, muende kwa mwingine.

Unaniuliza ndani ya roho: na kama ile nzito inashinda? Utaomba musamaha vilevile. Bidole ya Adolphine njo yenye kukulisha, na wewe uliitukana mbele ya batu. Hapo hakuna kitu ya kupima. Omba kwanza, mbele ya kuwasha mashini. Kisha muwashe.

Siku mutakuja kunisalimia hapa ku radio, Adolphine atangulie. Wewe ufuate nyuma na miguu tangu Dilala, taxi-moto hapana, na ile mashini ku kichwa, nione mwenyewe kama iko nzito kweli.