Minyaa Kwenye Kisiwa cha Mchanga

Mama yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimepoa? Na goti la baba? Huku pwani mimi mzima, ila chumvi imenichubua mikono.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Eti mdogo wangu Mihayo anataka kujenga kwenye kiwanja changu hapo Kwihara, kwa kuwa mimi niko mbali! Mama, sikufichi, wivu umenishika.

Kazi yangu unaijua: kupima visiwa vya mchanga vilivyojipanga mbele ya mikoko. Havikaliwi na mtu. Nilianza kwa kubeba vigingi, hakuna aliyenishika mkono. Leo kamba ya kupimia naishika mimi. Mwaka nilioanza, kisiwa kikubwa kilikuwa hatua mia nne na kumi. Mwaka jana, mia tatu na tano. Baada ya dhoruba ya mwezi uliopita, mia mbili na sitini, tena kimesogea kuelekea bara. Vigingi navyo vilikuwa vinang'oka kila mara, basi kabla ya dhoruba hiyo nikajifanya mjanja, nikapanda minyaa kama tunavyoweka mipaka huko kwetu. Nahodha wa boti yetu alicheka mpaka akakaa chini.

"We Mnyamwezi, unamwekea mpaka nani? Bahari?"

Dhoruba hiyohiyo ikaizoa yote. Hata mzizi sikuokota.

Nikasimama pale, maji magotini, nikamfikiria Mihayo. Akilala, akiamka, ardhi iko palepale. Viazi anavyokula umelima wewe. Kile kiwanja nilikifyeka peke yangu, hatua sitini kwa arobaini, yeye amekaa kivulini ananiuliza, "Kaka, bado tu?" Leo anakitaka!

Haya, ajenge. Mkewe ana mimba, siwezi kumlaza mtoto wa ndugu yangu kwenye chumba cha kupanga. Lakini hatua ishirini upande wa ile njia ya zamani ya misafara ni zangu, asiweke hata banda la kuku. Na zipimwe kwa miguu yako, mama, si yake. Hatua za Mihayo hufupika zikifika kwenye cha mwenzake.

Nisalimie baba, na shangazi mshonaji wa Ng'ambo, na shemeji. Mwambie asibebe ndoo nzito za maji. Mihayo naye msalimie, ila awe wa mwisho.

Mwanao wa kwanza, usisahau,
Kapela