Lenzi ya Mbali

Jumatatu, 3 Machi

Uji, kuku, mkonge. Kikapu kimenishinda. Uzi mwekundu na wa kahawia naona rangi moja. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hata humu naandika herufi kubwa kama za chekechea.

Mchana mtu amekuja barabarani na mwendo wa Mwakio, mwanangu. Nikabandika chai. Akapita.

Alhamisi, 6 Machi. Hospitali, Voi

Wanaanza na jicho la kulia. Daktari ni binti mdogo, mpole. Anasema lenzi ya kuzaliwa, ujanani, hunenepa na kukonda yenyewe kufuata unachotazama. Hii ya bandia watakayoniwekea haibadiliki. Huchaguliwa umbali mmoja, basi. Kwingine ni miwani.

"Wewe ni msusi wa vikapu, mama. Si uchukue ya karibu?"

Nimesema mbali. Sababu sikumpa. Nataka kumwona Mwakio akitokea kona ya kanisa. Tangu tumzike baba yake hajakanyaga kijijini kwetu Rukanga. Pasaka atakuja, ameahidi.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu! Mawe ya mlima Kasigau, moja moja. Mbuzi wa jirani ng'ambo ya korongo, mpaka masikio. Nimecheka uani peke yangu kama mwehu. Kikapu bado ni ukungu, kitangoja.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nimechinja jogoo. Nimekaa nje tangu tutoke kanisani. Kila anayetokea konani namjua papo hapo. Katekista. Mwalimu. Mama Wakesho, jirani yangu, na ndoo yake.

Zamani kila kivuli kingeweza kuwa yeye, mpaka kifike langoni. Nilikuwa na huo muda wa kufurahi. Sasa sina. Naona kutoka mbali kabisa kwamba siye.

Jioni akapiga simu. "Mama, kazi imebana, si unajua." Nikamwambia haidhuru. Inadhuru. Nina hasira naye, nina upweke hata kula sitaki. Jogoo nimempa Mama Wakesho.

Jumanne, 29 Aprili. Voi

Jicho la kushoto. Daktari ni yule yule.

"Mbali tena, mama?"

Nimesema karibu.

Jumamosi, 3 Mei

Nyekundu ni nyekundu, kahawia ni kahawia. Nilikuwa nimezichanganya vibaya. Nimefumua safu tatu, nimeanza upya. Kigoda nimekigeuza, mgongo barabarani, mwanga uangukie kazi.

Saa kumi hivi nimesikia mtu anapita. Nimemaliza safu.