Fimbo ya Baba Si ya Kurukwa

Kijiji cha Itiryo,
Posta ya Tarime.
14 Agosti 1975.

Mpendwa mdogo wangu Heche,

Pokea salamu nyingi za huku nyumbani. Habari za Tabora na kazi ya reli? Kifua chako kimepona? Sisi hatujambo. Baba anakohoa asubuhi, lakini akishakunywa uji anaanza kugombeza watu, kwa hiyo tunajua ni mzima. Ng'ombe mweupe amezaa ndama jike.

Barua yako imefika na imenikasirisha. Nikueleze habari yenyewe, maana wewe umeisikia kwa Mwalimu Filemoni tu.

Unakumbuka mwanao Wegesa alivyopenda kipindi cha michezo enzi za Mwalimu Nyangi. Siku ya kipindi hicho alikuwa akiamka kabla yangu. Mama yule aliwaachia watoto wacheze rede na wakimbizane, naye anafunga khanga kiunoni anaruka nao. Alipohamishwa tukaletewa huyu Filemoni. Heche, ni mwalimu wa michezo ambaye sijamwona akikimbia hata mvua ikimkuta njiani. Anakaa kwenye kiti kivulini, filimbi mdomoni, tumbo limemtangulia. Watoto wako juani kwenye mistari, mikono juu, mikono chini, mpaka kengele. Halafu anasimama kwenye mkutano wa kijiji kulalamika eti watoto wa huku hawana moyo wa michezo. Hawa hawa wanaoruka ngomani litungu likipigwa mpaka vumbi linafika paani! Bure kabisa.

Basi mwezi uliopita alitakiwa kuchagua watoto wa kwenda kuruka juu kwenye mashindano ya wilaya. Ufito wa kurukia ukavunjika. Wazee wa kamati ya shule walikuwa ndani kikaoni, na fimbo ya Baba imeegemezwa ukutani nje. Bwana mkubwa akaichukua, akailaza juu ya nguzo zake, akapuliza filimbi. Ile fimbo nyeusi, Heche. Ile aliyokubariki nayo siku unaondoka.

Hakuna mtoto aliyeruka. Unajua, au ulijua, kwetu mtoto akiruka fimbo ya mzee aliye hai ni kama amemwambia kaburi lako liko tayari. Wegesa akasema kwa adabu, "Mwalimu, hii ni ya babu. Weka hata kamba, mimi nitaruka." Akachapwa mbele ya wenzake, jina lake likakatwa, wakaambiwa wote ni wavivu na washirikina. Fundi wa kukalia kiti anamwita mtoto wetu mvivu! Jioni ile nilimkuta anaruka ua wa zizi la ndama, anakwenda na kurudi, huku analia.

Tangu hapo kila siku ya michezo tumbo linamuuma. Sasa limeanza kumuuma na siku nyingine. Baba alikwenda shuleni kusema naye, yule bwana akamjibu bila hata kuinuka kwamba anangoja kauli ya mzazi.

Na kauli yako ndiyo hii. Wegesa aliichukua barua ofisi ya kijiji, akafurahi kuona mwandiko wako, akaifungua akaisoma kwa sauti, Baba akiwa ameketi hapo hapo. "Fimbo ni mti tu, angeruka." Siku hizi Baba akitoka anaiacha fimbo ndani, anatembea kwa kushika kuta. Filemoni simshangai, hakuzaliwa hapa. Wewe ndiye unayenitia aibu.

Mwandikie mwalimu kauli nyingine, upesi. Usipoandika, mtoto huyu ataacha shule, na mimi sitamlazimisha.

Msalimie wifi yangu Bernadetha na Joram mdogo. Esta na Simioni wanawasalimu. Baba anasema Mungu akulinde na magurudumu ya hayo magari moshi yako.

Wegesa hakutuma salamu. Ameniuliza tu, "Shangazi, baba yeye angeruka?" Mjibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Veronika