Pazia ya chumba ya papa yenu

Paulin, niko ku misa, kiisha nitapita kwa tantine Agnès ku Karavia. Sombe iko mu sufuria, upashe moto. Mayi ikikuja, wewe na Léa mujaze mabido.

~~Ingiza bintu byako mu chumba ya papa yenu.~~

Acha kwanza. Usikasirike, masomo yako ya mupepo ya ku iniversité ya Kasapa nilisikia muzuri. Kati ya nyumba yetu na ukuta ya jirani nafasi iko ndogo. Mupepo ikibanwa pale inakimbia, na penye inakimbia haisukume tena, inavuta. Njo maana mapazia ya upande ile inatokaka inje ya madirisha. Nyuma ya nyumba, penye lupango, kiwanja yetu, inapanuka, mupepo inapunguza mbio na nguvu yake ya kusukuma inarudia. Ulisema njo ile tu, papa yenu haiko mule. Nikacheka, nikakupa chumba yake mbele kilio yake iishe.

Leo asubui mupepo ilikuwa kali. Pazia ya Léa ilivutwa inje. Ya ku kikoni, inje. Nikaingia kwa papa yenu kufagia. Dirisha yake iko upande ile ile, wazi. Lakini pazia ilikuwa imejaa ndani, juu ya kitanda, sawa bega ya muntu mwenye anageuka kuangalia nani anaingia.

Nikasema pole pole, "Ni miye. Haiko Paulin anaingia."

Njo pazia ikatoka inje, sawa zingine.

Mama yenu