Redio Zimeshapakiwa

Guangzhou, Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, kuta zinatoka jasho.

Huu ndio msimu ambao nyumba nzima hapa Sanyuanli hulowa bila bomba kupasuka. Sakafu inateleza, kioo cha bafuni hakionyeshi kitu, na nguo nilizofua Jumamosi bado zinanuka ubichi. Niliamka na moyo mzito nikausingizia unyevu. Nikanywa chai, nikajiambia niache uchuro.

Asubuhi hiyohiyo kontena liliondoka kwenda bandari ya Nansha. Ndani yake zimo redio zetu zote.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: nilikuwa mwalimu wa fizikia Dar es Salaam. Nilibuni redio ndogo inayokuja vipande vipande kwenye boksi. Mtoto anailehemu mwenyewe, anafunga betri, anaichaji kwa jua au kwa waya wa simu, kisha anasikiliza stesheni ya kwanza kwa mikono yake. Watu nisiowajua walinichangia mtandaoni ili itengenezwe kiwandani, nami nikaja huku kuisimamia. Katika wachangiaji yupo mama mmoja aliyeniuliza kama binti yake wa darasa la tano ataweza kuiunda peke yake. Nilimjibu kwa kujigamba kwamba ataweza, na hata akilala nayo kando ya mto hakuna neno.

Jibu hilo linanisuta tangu mchana.

Nilikuwa nimebakiza boksi moja ili nipige video ya kuwaonyesha wachangiaji jinsi ya kuiunda. Nikaanza na betri, nikaichomeka kwenye chaja, nikaendelea kupanga vipande mezani. Baada ya muda nikasikia harufu tamu, kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mimi sipaki rangi ya kucha. Nilipogeuka, betri ilikuwa imevimba kama andazi, na nilipoigusa niliurudisha mkono haraka.

Nikaichomoa. Nikaichana ganda lake kwa wembe, jambo ambalo ningemfokea mwanafunzi yeyote kwa kulifanya. Nilikuwa natafuta kibao kidogo cha kijani, kile kinachokata umeme betri ikishajaa. Kwenye sampuli niliyoipitisha mimi mwenyewe kilikuwepo. Kwenye hii hakikuwepo. Palikuwa na gundi na waya mbili, basi.

Kitu cha chuma kilichokuwa karibu ni sufuria ya jirani yangu, Mama Shufaa. Nikaitumbukiza betri humo, nikafunika, nikaiweka roshani.

Nikampigia bosi wa kiwanda, Bosi Liang. Nilitarajia akane, au apandishe sauti. Hakufanya lolote kati ya hayo. Kupitia kitafsiri cha simu aliniambia kwa upole kabisa:

"Uliomba bei ishuke tena. Nikaishusha. Mei wenti."

Mei wenti, hakuna tatizo. Ndilo neno la kwanza nililojifunza huku, na nililipenda.

Hapo ndipo nilipokumbuka siku ile ofisini kwake. Bei tulishakubaliana, tulishapeana mikono. Lakini mimi ni mtu wa Kariakoo, mkono ukiwa tayari kwenye pochi ndipo naomba ya mwisho. Kwetu ni adabu ya soko. Muuzaji atalalamika, ataapa kwamba anakula hasara, atakuita dada yake, kisha atakupunguzia kutoka kwenye faida yake na mtaachana mnacheka. Bosi Liang hakulalamika wala hakuapa. Alitafakari kidogo, akasema sawa, akanimiminia chai. Nikatoka pale nikijiona mjanja. Wala hakuniibia, maana kwa hesabu yake niliomba redio nyingine iliyo rahisi zaidi, akanitengenezea.

Namkasirikia, kisha hasira inanirudia mwenyewe. Nilipaswa kuiogopa ile chai.

Sasa kuhusu kontena. Si langu. Ni la Mama Shufaa, mama wa Unguja anayeishi ghorofa ya chini yangu, mwenyeji wa mji huu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ndiye aliyenipokea, akanitafutia chumba, na mzigo wangu ulipokuwa mdogo mno akaniambia niutie kwenye kontena lake. Yeye amejaza madera aliyoshonesha Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo, kwa ajili ya Idd ya kuchinja. Maboksi yangu yalitangulia kuingia kwa kuwa ni magumu, yakapangwa mwisho kabisa, na madera yakashindiliwa mbele yake mpaka mlangoni. Kuyatoa ni kushusha kila kitu. Na wakala wa mizigo aliandika kwamba mzigo wangu ni vifaa vya shule, kama wanavyoandika kwa wengi wenye betri ili kukwepa usumbufu. Nilijua, nikanyamaza. Kwa hiyo hakuna mtu melini atakayejua kilichoko nyuma ya zile nguo.

Meli inapakia kesho.

Nilishuka kwa Mama Shufaa baada ya adhuhuri. Nilimkuta anakunja kanga huku feni ikipuliza ukuta uliolowa. Alinipisha nikae, akaniuliza kama nimekula. Nikamweleza. Lakini namna nilivyomweleza ndiyo inayoniumiza. Nilisema betri moja imevimba kidogo. Nilisema pengine ni hiyo moja tu. Kila neno nililitoa makali kabla halijafika kwake.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kanga chini.

"Mwanangu, betri za watu zinapita kila siku. Nikilishusha kontena leo, meli itaniacha, na Idd itanipita. Mwaka mzima nitakula nini?"

Akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine. Nikasema hapana. Akasema basi nisimwambie, akanipa tende nile kwanza, nina uso wa mgonjwa.

Naandika hili hapa ili kesho nisijidanganye: nilipata ahueni. Nilipanda ngazi mwepesi. Nilikuwa nimeshasema, mkubwa ameshaamua, mzigo si wangu tena. Nikaanza hata kupanga jinsi nitakavyowatumia wachangiaji ujumbe mzuri wenye picha ya kontena.

Niliusikia mlio nikiwa bado natafuta ufunguo. Ulikuwa mlio mdogo, kama chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Halafu ukafuata mfoko mrefu. Nilipofika ndani, roshani ilikuwa nyeupe kwa moshi. Mfuniko ulikuwa sakafuni. Shuka langu lililoanikwa juu lilikuwa na tundu jeusi linaloendelea kula kingo zake, pamoja na ubichi wake wote. Nikalivuta, nikalikanyaga, nikakohoa mpaka machozi. Jirani wa ng'ambo akafungua dirisha, akatazama, akalifunga.

Betri moja. Haikuwa hata kwenye chaja.

Nilikaa sakafuni kwenye maji ya ukutani. Nilimuona binti wa darasa la tano, ambaye sijawahi kumuona, amelala, na redio aliyoiunda mwenyewe iko kando ya mto kama mwalimu alivyosema. Niliwaona pia mabaharia wasiojua chochote. Nikaogopa vibaya, woga ule unaokufanya utake kumpigia mama yako.

Nikamwandikia wakala wa mizigo ukweli wote, betri na kila kitu, nikamwomba alizuie kontena. Amejibu muda si mrefu. Hawezi kuligusa kwa neno langu. Anayeweza kulizuia ni mmoja tu, aliyeliandikisha kwa jina lake, na awe amesema kabla ofisi hazijafungwa leo.

Mama Shufaa.

Akikataa tena, nitakwenda Nansha mwenyewe nikapige kelele getini, hata kama sijui nitapigia nani na kwa lugha gani. Na akikubali, nitakuwa nimemkosesha Idd yake mtu aliyenifungulia mlango nilipokuwa sijui hata pa kununua chumvi. Sioni njia ambayo asubuhi itanikuta bado ni mtoto wake. Redio hizi sitazituma kwa yeyote, hilo limeisha. Wachangiaji, mkisoma hapa, maelezo yenu yanakuja, na sitayalainisha.

Saa inakwenda. Kabla sijashuka, kuna jambo la ile sufuria.

Mama Shufaa aliniletea pilau ndani yake Ijumaa. Nimekaa nayo siku zote hizi kwa aibu ndogo ya kwetu: chombo cha jirani hukirudishi kitupu, unatia chochote, hata vitunguu viwili, na mimi sikuwa na muda wa kupika. Kila nilipopita jikoni ilinitazama, nami nikawa najiuliza nimtilie nini mama wa watu.

Nimeiokota sasa hivi. Ndani imekuwa nyeusi tii, ubavu mmoja umebonyea, na betri imegandia chini, imepasuka. Sitaibandua wala sitaisugua. Naifunika na mfuniko wake uliopinda, nashuka kumrudishia.