Surua Haichomwi Sindano

Jumatano, baada ya Isha

Kwa nini nilinyamaza siku tatu? Mwanangu Salma ana miezi minane, chanjo ya surua ilikuwa mwezi ujao, surua ikamwahi. Mama mkwe akakataa hospitali: "Surua haichomwi sindano, mwanangu. Itarudi ndani imuue." Nikamwogesha mtoto mwarobaini kwa kumstahi mama mkwe.

Leo alasiri nikahesabu pumzi zake: sitini na nane kwa dakika, na kliniki walisema zikifika hamsini ni hatari. Nikambeba, nikapanda bajaji kutoka kwetu Mabawa hadi hospitali bila kuaga. Daktari kasema ni nimonia, akamchoma sindano papo hapo.

Mama mkwe kanipigia simu nikiwa wodini.

"Mmemchoma?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mtoto wako."

Sasa pumzi zake ni sitini na sita. Akipona, nyumbani watasema ni dua zao. Akifa, nimemuua mimi.